Mambo 5 ya Biashara Tunayojifunza kwa Jackie Chan

Ukimtaja Jackie Chan mtaani, hakuna atakayekuuliza ni nani. Wengine walimjua kwenye vibanda vya video, wengine kwa masimulizi ya DJ Afro, na watoto wa siku hizi wanampata kwenye simu. Tunamjua kwa mateke, ngazi, viti na kila kitu anachogeuza kuwa silaha.

Lakini kuna upande wake ambao hauzungumzwi sana. Kabla hajawa staa, Jackie Chan alikuwa bidhaa isiyonunuliwa. Alitoa filamu moja baada ya nyingine na watu hawakuzitaka. Kilichobadilisha mambo ni kitu ambacho hata mwenye kibanda, fundi au mwenye saluni anaweza kukifanya. Twende pamoja.

1. Ujuzi hudumu kuliko bidhaa

Jackie alizaliwa Hong Kong mwaka 1954. Akiwa na umri wa miaka 7 hivi, wazazi wake walimpeleka kwenye shule ya opera ya Kichina iliyoongozwa na mwalimu Yu Jim-yuen. Alikaa huko karibu miaka 10, akifundishwa kuimba, kuruka sarakasi na kupigana. Mazoezi yalikuwa ya saa nyingi na fimbo haikuwa mbali.

Alipomaliza, mambo yalikuwa yamegeuka. Watu wa Hong Kong walikuwa wakijaa kwenye sinema, na opera haikuwa na wateja tena. Miaka 10 ya kujifunza kazi isiyo na soko! Ila ule ujuzi wa kuruka na kuanguka ulihitajika sana kwenye filamu. Akaanza kama kijana wa kupigwa na kurushwa huku na kule. Alikuwemo kwenye *Fist of Fury* ya 1972 na *Enter the Dragon* ya 1973, zote za Bruce Lee.

Jiulize: je, unachouza kikikosa soko kesho, unabaki na ujuzi gani? Mwenye studio ya picha aliyejua tu kusafisha filamu alifunga duka. Yule aliyejua kumpanga mteja na kuutumia mwanga vizuri anapiga picha za harusi mpaka leo.

2. Usiwe nakala ya jirani

Hili ndilo somo kubwa, kwa hivyo tutakaa hapa kidogo.

Bruce Lee alifariki Julai 1973. Soko lilikuwa na njaa, na kila mtayarishaji alikuwa anatafuta Bruce Lee mwingine. Lo Wei, aliyekuwa ameongoza *Fist of Fury*, alimchukua Jackie na kumtengeneza awe huyo mwingine. Mwaka 1976 akamweka kwenye *New Fist of Fury*. Hata jina alilopewa lilikuwa la kufuata nyayo: Bruce Lee alijulikana kama Siu Lung, yaani joka mdogo, na Jackie akaitwa Sing Lung, maana yake kuwa joka.

Jina lipo, mwongozaji yupo, mateke yapo. Watazamaji hawakuja. Kwa nini? Kwa sababu aliyempenda Bruce Lee alimtaka Bruce Lee. Nakala, hata ikiwa nzuri, inamkumbusha mteja tu kwamba ya asili iko mahali pengine.

Mwaka 1978 Lo Wei alimwazima kwa kampuni nyingine, na huko mwongozaji Yuen Woo-ping akamwachia nafasi ya kuwa yeye mwenyewe. Jackie ni mcheshi, basi wakaleta kicheko kwenye kung fu. Bruce Lee akipiga ngumi alikuwa kama chuma. Jackie akipiga ngumi, anaupunga mkono kwa maumivu. Bruce hakuogopa mtu, Jackie anakimbia, anajificha chini ya meza, halafu anashinda kwa ujanja. Filamu mbili zilizotoka mwaka huo, *Snake in the Eagle's Shadow* na *Drunken Master*, zilimfanya staa.

Sasa rudi mtaani kwako. Mmoja anafungua duka la chipsi, linajaa watu. Miezi mitatu baadaye yako manne, rangi zilezile, bei zilezile. Kinachofuata unakijua: mmoja anapunguza bei shilingi 10, mwingine 20, mpaka wote wanauza kwa hasara na wawili wanafunga. Hapo kuna mtu amepoteza akiba ya miaka, au ameachwa na mkopo wa chama.

Si vibaya kuuza chipsi karibu na wengine. Jackie naye alibaki kwenye filamu za kung fu. Alichofanya ni kutafuta ile sehemu ambayo staa aliyemtangulia hakuigusa. Pengine wewe ndiye unafungua saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya watu wa zamu. Pengine unapeleka hadi mlangoni, au kachumbari yako watu wanaitaja kwa jina. Anza na kile ambacho tayari unakifanya vizuri bila kujilazimisha.

3. Mwonyeshe mteja kazi inavyofanyika

Mwaka 1981 Jackie alipata nafasi ndogo kwenye filamu ya Kimarekani, *The Cannonball Run*. Mwishoni mwake walionyesha vipande vilivyoharibika wakati wa kurekodi. Wao walitaka kuchekesha. Jackie akaona kitu kingine, akalibeba wazo hilo nyumbani.

Tangu hapo, filamu zake nyingi huisha kwa vipande vya namna hiyo. Unamwona akikosa ukuta, akianguka, akibebwa kwa machela. Kumbe mengi ya yale aliyafanya mwenyewe! Huo ndio ushahidi ambao bango haliwezi kuutoa. Mtazamaji alitoka sinema akiamini, na aliyeamini huwaambia wengine.

Wewe pia una vipande kama hivyo. Fundi nguo anaweza kuweka kwenye status ya WhatsApp kitambaa kabla hakijakatwa, kisha gauni lililokamilika. Fundi simu anaweza kumfungulia mteja simu mbele yake na kumwonyesha kilichoharibika. Mama mboga akikatakata sukuma wiki mbele ya mteja, mteja anaona usafi kwa macho yake.

Jambo dogo la kuongeza: jina linalotokea mteja anapolipa kwenye till yako lifanane na jina lililo kwenye bango. Mtu akiona jina asilolijua wakati wa kulipa, moyo unasita, na ana haki ya kusita.

4. Soko jipya liingie kwa nguvu zako

Jackie alijaribu Marekani mapema. Mwaka 1980 alicheza *The Big Brawl*, na mwongozaji alikuwa yuleyule wa *Enter the Dragon*. Unaona mtego umerudi? Haikufua dafu. Mwaka 1985 alijaribu tena na *The Protector*, akafanywa askari mkali wa New York mwenye bunduki. Nayo haikuvuma huko.

Alirudi Hong Kong, na mwaka huohuo akatoa *Police Story*. Hapa pia ni askari, lakini ni askari wake: anachekesha, anavunja vioo, na mwisho anateleza kwenye nguzo ndefu yenye taa katikati ya duka kubwa, akachubuka na kuungua mikono. Ilichaguliwa filamu bora kwenye tuzo za filamu za Hong Kong.

Alipoingia tena Marekani ilikuwa Februari 1996, na *Rumble in the Bronx*, filamu ya Hong Kong yenye mtindo wake mwenyewe. Ilishika nafasi ya kwanza kwa mauzo wikendi ya kwanza. Mwaka 1998 akaungana na mchekeshaji Chris Tucker kwenye *Rush Hour*, ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Mmoja alikuwa na mdomo, mwingine na mwili, na kila mmoja alileta wateja wake.

Kabla ya kulipa kodi na gudwili ya duka la pili mji mwingine, uza huko kwanza bila duka. Pokea oda kwa simu, tuma kwa matatu au bodaboda, angalia kama watu wanarudi kununua mara ya pili. Halafu tafuta mshirika mwenye wateja ambao wewe huna. Anayeoka keki na anayepamba ukumbi hawana sababu ya kugombana.

5. Linda pesa, linda na mwili

Kwenye kitabu chake *Never Grow Up*, Jackie anaeleza wazi kwamba alipopata mkwanja akiwa kijana aliutumia ovyo, kwa saa za bei ghali na kamari. Pesa ya ghafla hufanya hivyo kwa wengi wetu: wiki moja ya mauzo mazuri, na mtaji unaliwa bila mtu kujua.

Tena mwaka 1986, akirekodi *Armour of God* huko Yugoslavia, alianguka kutoka kwenye mti na kupasuka fuvu la kichwa. Nusura afe. Na haikuwa ile miruko yake ya kutisha, ilikuwa ya kawaida tu kwake. Biashara nyingi za mtaani zinategemea mwili mmoja namna hiyo. Mwenye kinyozi akilazwa wiki mbili, nani atalipa kodi?

Kwa hivyo fanya haya matatu:

- Pesa za biashara zipite kwenye till, za nyumbani zibaki kwenye laini yako. Ukizichanganya, hutajua kama unapata faida.
- Jilipe kiasi kilekile kila wiki, hata wiki ikiwa nzuri.
- Kila siku ukifunga, weka kando kiasi kidogo cha dharura, na usikiguse kununulia bidhaa.

Anza wiki hii

Ukitaka kuanza na jambo moja tu, chagua namba 2. Waulize wateja watatu wanaorudi kwako: "Mbona unanunua kwangu na jirani yupo?" Usijitetee wala usiwasaidie kujibu. Andika maneno yao kama walivyoyasema.

Wawili wakitaja kitu kimoja, hicho ndicho wanachokifuata kwako. Kiweke kwenye bango na kwenye status, na kifanye vizuri zaidi mwezi huu. Wakisema "kwa sababu uko karibu" pekee, basi una kazi ya kufanya kabla hajafungua mwingine aliye karibu zaidi.