Kukadiria Ghala la Data Lililo Mbali: Mfano wa Mbeya na Iringa

Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa la ardhi, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa takriban 7.4, lilitokea katika eneo la Rukwa. Mji wa Mbeya, uliojengwa baadaye, umo katika ukanda huohuo wa Bonde la Ufa. Na kusini-mashariki yake volkano ya Kyejo ilitoa lava yapata mwaka 1800. Hata bila ya misukosuko hiyo mikubwa, moto, mafuriko ya chumbani na wizi hutosha kuangamiza kumbukumbu za miaka mingi. Mwenye kumbukumbu hana budi kuweka nakala ya akiba mbali na asili. Niliwahi kuona ofisi moja iliyotunza nakala hiyo katika kabati la chumba kilekile cha kompyuta. Hiyo haikuwa akiba hata kidogo.

Tuichukue Iringa kuwa mahali pa ghala letu, umbali wa kilometa zipatazo 330 kwa barabara. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huiunganisha miji hii miwili. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi huchukua sehemu 3.3 tu za elfu ya sekunde. Umbali, basi, si kikwazo. Kazi iko katika kukadiria nafasi.

Tuwaze hospitali ya kubuni iliyoko Mbeya, yenye gigabaiti 600 za majalada ya wagonjwa na picha za eksirei. Kila siku huandikwa gigabaiti 3: gigabaiti 1 ni nyongeza, na 2 huchukua mahali pa maandishi ya zamani. Mtu mwenye haraka atanunua diski ya gigabaiti 600 na kuipeleka Iringa. Itamjaa siku ya kwanza.

Ghala likitakiwa kudumu miaka mitatu, nyongeza itakuwa 1 × 365 × 3, yaani gigabaiti 1,095. Zaidi ya hayo, nakala inayofuata asili papo hapo hufuata pia makosa yake: karani akifuta jalada saa nne asubuhi, Iringa nako litafutika saa nne hiyohiyo. Kwa hiyo maandishi ya zamani yatunzwe, tuseme kwa siku 90: 2 × 90 = 180. Jumla ni 600 + 1,095 + 180 = 1,875. Tukiongeza sehemu moja ya tano iwe nafasi ya tahadhari, tunapata gigabaiti 2,250, karibu mara nne ya makisio ya mwenye haraka.

Sasa tuiangalie njia. Tuseme hospitali imekodi njia ya megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Gigabaiti 3 za siku moja ni megabiti 24,000, nazo hupita kwa sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20. Njia ikikatika siku tano, gigabaiti 15 zitasubiri Mbeya, na lazima ziwe na mahali pa kusubiri. Zitahitaji saa 16 na dakika 40 za ziada. Ikiwa hospitali huitumia njia hiyo kwa kunakili saa 8 za usiku tu, kila usiku hubaki saa 4 na dakika 40. Limbikizo litakwisha usiku wa nne.

Na zile 600 za mwanzo? Kwa njia hiyo zingechukua takriban siku 28. Diski iliyofungwa vema na kupakiwa katika basi hufika siku hiyohiyo! Wapangaji wengi husahau kwamba hesabu hii hurudi vilevile siku ya maafa: hospitali haiwezi kungoja mwezi mzima ili irudishiwe majalada. Ama diski itasafirishwa kutoka Iringa, ama kompyuta za Iringa zitawahudumia madaktari wa Mbeya moja kwa moja.

Izingatiwe pia kwamba miji yote miwili imo katika njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Kidatu na kupitia Mufindi. Jenereta ya Iringa, kwa hiyo, iwe na mafuta yake.

Zoezi: Rudia hesabu ya nafasi, na ya muda wa kumaliza limbikizo la siku tano, iwapo hospitali itanunua mashine mpya ya picha inayoongeza gigabaiti 2 za nyongeza kila siku.