Kabla ya Kulipia Picha ya Mgongo

Mtu wa Moshi akiumwa kiuno, neno la kwanza huwa ni "figo". Baada ya hapo ni kuulizia picha: eksirei ya wapi, MRI shilingi ngapi. Naomba vyote viwili vingoje. Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na figo, na mengi hayahitaji picha. Kinachotangulia ni maelezo yaliyonyooka ya maumivu yenyewe, na hayo unaweza kuyaandaa nyumbani.

Anza na yale yasiyongoja kesho. Mkojo ukigoma kutoka, au mkojo na choo vikikutoka bila kujijua. Ganzi ikikushika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale panapogusa kiti cha baiskeli. Miguu ikizidi kulegea. Lolote kati ya hayo likitokea, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na ikichelewa kufunguliwa nguvu zinaweza zisirudi. Wazee wengi huzificha dalili hizi kwa sababu aliyewapeleka ni binti au mkwe. Mwombe atoke nje kidogo, kisha mweleze daktari bila kuficha. Na aliyeanguka mtini au kwenye bodaboda asinyanyuliwe mikono na miguu kama gunia. Alazwe juu ya ubao, asafirishwe akiwa amenyooka.

Kundi la pili huja polepole, na huku mlimani Kilimanjaro lina uzito wake. Kiuno kinachouma hata ukiwa umelala tuli, pamoja na homa, jasho la usiku au nguo kuanza kupwaya, kinadai uchunguzi wa damu na zaidi. Kifua kikuu huweza kukaa kwenye pingili za mgongo bila kikohozi chochote, hadi siku pingili inapobonyea na kibyongo kuchomoza. Kwa mtu mzima, hasa aliyewahi kutibiwa saratani ya titi au ya tezi dume, daktari ataangalia kama saratani imefika mifupani. Kisha kuna brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ambao naona unasahauliwa mno katika mkoa ambao ng'ombe analala hatua chache kutoka jikoni. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi, mwaka 2007 na 2008 walikuta zaidi ya nusu wameandikiwa malaria, ilhali wenye malaria kweli hawakufika 2 katika kila 100. Brusela ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyopatikana. Kwa hiyo ukiwa na homa za kuja na kuondoka na kiuno kinauma, mtajie daktari ng'ombe wako, maziwa yasiyochemshwa, na ndama uliyemzalisha kwa mikono mitupu. Asipoambiwa, hatakisia.

Figo nazo zina dalili zake. Maumivu hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, na huandamana na homa, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu. Hayabadiliki sana ukiinama au ukigeuka. Yakibadilika kwa kila unavyojisogeza, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ni misuli, viungo au diski za kati ya pingili.

Sasa jipime. Lala chali pasipobonyea. Mwenzio ashike kisigino chako, aunyanyue mguu taratibu, goti likiwa limenyooka. Kuvutwa nyuma ya paja ni kawaida. Lakini maumivu yanayochoma kama umeme na kushuka chini ya goti kabla mguu haujakaribia kusimama wima, yanaashiria kuwa mshipa wa fahamu umeguswa. Kisha simama, tembea hatua chache kwa visigino, halafu kwa vidole. Unyayo ukiburuza, au ukishindwa kujiinua kwa vidole vya mguu mmoja ilhali kwa mguu mwingine unaweza, hiyo si ganzi tu, ni nguvu imepungua. Muone daktari ndani ya siku chache.

Andika pia kazi yako, kwa vipimo. "Nabeba mizigo" haitoshi. Mpagazi wa Kilimanjaro aseme kama kilo 20 zinazoruhusiwa zinapimwa kabla au baada ya kuongezewa vitu vyake mwenyewe, na kama maumivu huanza akipanda au akishuka. Mama anayetoa majani ya ng'ombe tambarare na kuyapandisha kwa kichwa hadi Kibosho aseme ni mara ngapi kwa wiki, na kama kinachomshika ni kunyanyua, kutembea au kutua.

Kama hakuna dalili ya hatari, picha ya siku za mwanzo haikusaidii. Eksirei huonyesha mifupa, mishipa ya fahamu haionyeshi. MRI huonyesha mengi kupita kiasi: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80, na wote hao hawakuwa wakiumwa mgongo. Anayeambiwa diski imechakaa huacha shamba kwa hofu, na mgongo uliolazwa kitandani hudhoofika zaidi. Fedha ya picha hiyo ingemlipia mtaalamu wa fiziotherapia, na Moshi wapo.

Maumivu mengi mapya hupungua sana ndani ya wiki sita. Katika muda huo tembea kila siku, punguza mzigo bila kuacha kazi zote, na rudia kipimo cha mguu kila wiki. Maumivu yakihama kutoka kwenye shavu la mguu kurudi kwenye tako, kisha kiunoni, ni habari njema hata kama kiuno kinauma kuliko jana. Yakishuka kuelekea unyayoni, au kisigino kikianza kugoma kunyanyuka, rudi hospitali bila kungoja tarehe uliyopangiwa.