Kisukari na Chakula cha Kwetu: Kwa Wasemaji wa Kiswahili Waishio Uingereza

Ukiambiwa kliniki kwamba una kisukari aina ya pili, huenda ukapewa karatasi yenye picha za viazi, mkate na pasta. Ugali haumo, wala chapati, wala wali wa nazi. Wengi hutoka pale wakidhani wamekatazwa chakula cha kwao, na haupiti muda mrefu wanarudia ulaji ule ule. Lawama si yao. Mwaka 2014 watafiti waliolinganisha majaribio 33 waliona kuwa elimu inayofuata lugha na mila za mgonjwa hushusha sukari zaidi kuliko elimu ya kawaida.

Ugali si sumu. Shida ni wingi wake. Nusu ya sahani iwe mboga, kama sukumawiki, sombe au bamia. Robo iwe samaki au maharage. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Kwenye sinia kazi ni ngumu zaidi, kwani hakuna anayehesabu matonge, na mwenyeji hachoki kukusogezea. Pakua fungu lako kwenye sahani kabla ya kuanza, na umweleze mwenyeji sababu. Anayepika nyumbani naye aje kliniki, maana yeye ndiye ashikaye mwiko.

Ukitaka kufunga Ramadhani, muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla, dawa zipangwe upya. Kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6 mmol/L, fungua papo hapo. Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Na, ukifunga au usipofunga, usiache dawa yako ya metformin kwa sababu ya mlonge au dawa nyingine ya mitishamba.

Mwafrika hupata kisukari aina ya pili akiwa na umri na uzito mdogo kuliko Mzungu, kwa hiyo ndugu zako nao wapimwe, hata walio wembamba. Mwenye selimundu amwambie daktari mapema, kwani kipimo cha sukari kiitwacho HbA1c kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwake.

Tafadhali, usimfanye mtoto wako mkalimani. Mbele yake hutasema habari za nguvu za kiume wala za kidonda unachokificha mguuni, na hayo ndiyo daktari anayohitaji kuyasikia. Unapoweka miadi, omba mkalimani wa Kiswahili. Gharama ni ya NHS. Wewe hutoi hata senti.