Mahali pa Watoto Kuchezea

Wako watu wazima wengi wanaodhani ya kuwa mchezo wa mtoto ni upuuzi wa kupotezea saa. Mtoto akipanga vijiwe na kusema kuwa hiyo ndiyo nyumba yake, twavipiga teke na kupita. Leo twapenda kuwapeni habari za mji mmoja wa mbali ambao wenyeji wake walivitunza vijiwe vya namna hiyo, kisha tujiulize imetupasa kufanya nini kwetu.

Mji huo ni Yuma, katika jimbo la Arizona, Marekani, kando ya mto Colorado. Ni nchi ya jangwa. Kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Mwanzoni mwa karne ya 20 msichana mmoja, jina lake Marian, pamoja na dada zake na watoto wa jirani, walizoea kuvuka njia na kwenda kuchezea kwenye kilima kilicho ng'ambo. Palikuwa na mchanga, mawe, miti ya miiba na masanduku makuukuu ya mbao, basi. Lakini wao walipaita Roxaboxen, wakapafanya mji.

Kwa mawe meupe walichora barabara na vyumba vya nyumba. Vipande vya chupa vya rangi rangi vikawa mapambo, na vijiwe vyeusi vya mviringo vikawa fedha. Marian alikuwa meya. Aliyetaka motokaa alishika kitu chochote cha mviringo kama usukani. Aliyetaka farasi alitafuta fimbo. Mwenye motokaa akienda mbio mno alitiwa gerezani, na sakafu ya gereza ilikuwa ya miiba! Mjusi alipokufa, walimzika na kulitunza kaburi lake.

Tafakarini, wazazi. Hakuna mwalimu aliyesimama pale na ubao. Hata hivyo watoto wale walijifunza kutunga sheria na kuitii, kununua na kuuza, kuheshimu mpaka wa nyumba ya mwenzao, na hata kuomboleza. Hayo ndiyo mambo yanayotushughulisha sisi watu wazima maisha yetu yote.

Marian aliandika historia ya mji huo angali mtoto. Miaka mingi baadaye binti yake, Bibi Alice McLerran, aliyatumia maandishi hayo pamoja na kumbukumbu za wale waliocheza pale, akatunga kitabu cha watoto kiitwacho Roxaboxen. Kilitolewa mwaka 1991, na picha zake zilichorwa na Bibi Barbara Cooney. Ndipo watu wa Yuma walipotambua hazina waliyokuwa nayo. Kilima kikahifadhiwa kuwa bustani ndogo ya watu wote, nacho kikaachwa katika hali yake ya jangwa.

Sasa tutoke jangwani, tuje kwetu, juu ya uwanda wa Ufipa. Mpui ni mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu ya Tunduma na Sumbawanga. Huko, kama katika miji midogo mingine ya nchi yetu, barabara njema huleta biashara, na biashara huleta haja ya viwanja. Ni jambo la kushukuru. Lakini kila kipande kikipata mwenyewe, mtoto atafukuzwa kwenye shamba la huyu na uani kwa yule, na mwishowe atacheza pale asipofukuzwa na mtu: kando ya barabara, penye malori na mabasi. Hapo si mchezo tena, bali ni hatari ya roho yake.

Haki ya mtoto kucheza imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, nayo Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Njia ya kuitekeleza tunayo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji hupendekeza ardhi itakayotengwa kwa matumizi ya jumuiya, na mkutano mkuu wa kijiji huidhinisha.

Basi, mkutano mkuu utakapoitishwa, baba na mama wasikose kuhudhuria. Ulizeni: watoto watacheza wapi? Ombeni kipande kimoja, hata kikiwa cha mawe kisichofaa mahindi, mradi kiwe mbali na barabara na kiandikwe kuwa ni cha wote. Si lazima zipatikane fedha za bembea. Watoto wa Yuma hawakuwa na bembea. Walikuwa na mahali, na watu wazima waliowaacha wacheze. Tusingoje mpaka kiwanja cha mwisho kimeuzwa.