Ondoa redio, usiondoe breki

Leo naanza na gari, lakini nivumilie, tutafika kwenye bidhaa yako.

Aprili 2025, kule Marekani, kampuni changa inayoitwa Slate ilitambulisha pikapu ya umeme. Ukiliangalia toleo lake la msingi unaweza kucheka. Vioo unazungusha kwa mkono, kama magari ya zamani ya wazee wetu. Hakuna redio, hakuna spika, hakuna skrini kubwa mbele. Kuna sehemu ya kupachika simu yako mwenyewe. Viti viwili tu. Rangi nayo hakuna: bodi ni ya plastiki ngumu ya kijivu na linatoka kiwandani hivyohivyo. Betri yake ya kawaida ilikadiriwa kwenda kama kilomita 240, na mzigo ni takriban kilo 650. Ndani ya wiki chache watu zaidi ya 100,000 walishaweka nafasi, kila mmoja kwa dola 50 zinazorudishwa. Sawa, kuweka nafasi si kununua, tusidanganyane. Lakini watu laki moja hawasimami foleni ya kitu wasichokihitaji.

Mimi nauza meza za kusomea mtandaoni, Instagram na WhatsApp. Fundi wangu yuko Keko, mzigo unakwenda kwa kirikuu. Habari hii niliisoma nikiwa nimetoka kuumia, ndiyo maana ilinikaa.

Meza yangu ya mwanzo ilikuwa na droo tatu, taa ndogo na vanishi inayong'aa. Sh 280,000. Watu wanapenda picha, wanauliza "bei ya mwisho ngapi?", wanapotea. Nikaamua kutoa meza ya bei nafuu, Sh 150,000. Droo nikaziacha, vanishi nikaiacha, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Nilichopunguza ni ubao wa juu. Nikamwambia fundi aweke mwembamba, mteja hatajua.

Nikauza 14 kwa wiki tatu. Nikajiona mjanja kweli.

Mwezi wa pili simu zikaanza. Ubao umepinda katikati. Dada mmoja wa Tabata akanitumia video, kompyuta ya mwanaye imeinama kama iko mteremkoni, akaniuliza: "Kaka, umeniuzia meza au trei?" Nilirudisha hela za meza sita, na kirikuu ya kuzifuata nililipa mimi. Wengine hawakupiga hata simu. Hao ndio wanaoniuma zaidi, maana najua hawarudi.

Sasa rudi kwenye ile pikapu uone walichoondoa. Rangi? Ukiitaka unabandika stika gari zima. Spika? Unaongeza siku ukiwa na hela. Una familia? Kuna vifaa vya kuligeuza liwe gari la watu watano. Kuna hata betri kubwa zaidi kwa anayetaka kwenda mbali na yuko tayari kuilipia. Lakini mifuko ya hewa ya kukinga abiria ipo. Mfumo wa kufunga breki wenyewe ukikaribia kugonga upo. Kiyoyozi kipo. Kwa lugha ya Keko, hawakugusa ubao wa juu.

Na kuna kitu kimoja wengi hawakioni. Kuondoa rangi hakukupunguza ndoo za rangi tu. Kiwanda kisichopaka rangi hakihitaji sehemu nzima ya kupakia rangi, ambayo ni miongoni mwa sehemu ghali kabisa kwenye kiwanda cha magari. Magari yote yanatoka ya aina moja, kazi haisimami kubadilisha hiki na kile. Yaani unafuu hawakuutoa kwenye ubora, waliutoa kwenye usumbufu wao wenyewe. Hapo nilikaa nikajiuliza, kwangu usumbufu uko wapi? Jibu: rangi nne za vanishi. Kila oda fundi anasubiri ikauke, anasafisha brashi, anaanza upya. Siku mbili zinaliwa na vanishi.

Ila wamenifundisha na upande wa pili. Bei iliyowavuta watu ilikuwa "chini ya dola 20,000", na hesabu hiyo ilitegemea punguzo la kodi la serikali la dola 7,500. Punguzo likafutwa kwa magari yanayonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025. Kampuni ikalazimika kuanza kutaja bei ya dola elfu ishirini na kitu. Ford nao yaliwakuta. Mwaka 2021 walitangaza F-150 Lightning ya kazi, toleo la chini, kuanzia dola 39,974. Kufikia mwanzoni mwa 2023 toleo hilohilo lilikuwa karibu dola 60,000, kisha Julai wakalishusha hadi kama 50,000. Mteja aliyekariri bei ya kwanza utamweleza nini?

Kwa hiyo kabla ya kuposti "kuanzia Sh fulani", hesabu bei hiyo bila ofa ya msambazaji, bila kirikuu ya rafiki yako anayekubebea bure wiki hii. Ikibaki na faida, iposti.

Meza yangu ya sasa ni Sh 165,000. Ubao wa juu mnene uleule wa meza ya 280,000, miguu ileile. Haina droo, haina taa, ina msasa tu na mafuta ya mbao, aina moja. Chini fundi anaacha matundu tayari. Droo nauza Sh 35,000 kila moja, mteja anafunga mwenyewe kwa bisibisi, video ya dakika mbili namtumia. Na kwenye posti naandika wazi kabisa isichokuwa nacho, mstari wa kwanza, kabla ya bei.

Yule dada wa Tabata nilimpelekea moja bure. Juzi kaagiza droo mbili, kalipa.