Mbwa akiugua, usimpe dawa ya mtoto



Huenda ukashangaa kuona safu hii ya afya leo inazungumzia mbwa. Usishangae. Sisi wa Ifakara na Bonde la Kilombero tunaelewana: mpunga ukianza kukomaa, anayelinda shamba bila mbwa hapati usingizi. Nguruwe pori na nyani hawana huruma na jasho la mtu.

Sheria yetu imelizingatia hilo. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zimewatoa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba katika katazo la kufuga mbwa. Na sote tunakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Allah akamsamehe. Basi mbwa anayekulindia riziki akiugua, kumtibu ni wema. Tatizo ni namna tunavyomtibu.

KISA CHA DOZI MOJA

Mimi ni tabibu wa binadamu, si wa mifugo. Lakini mambo ya mbwa yananifuata hadi chumba cha matibabu. Msimu mmoja wa mavuno mzee mmoja alimleta mjukuu wake, mtoto anahema kwa shida na homa iko juu. Siku chache kabla alikuwa ameandikiwa amoksisilini kwa ajili ya kichomi. Nikauliza, "Mzee wangu, dozi aliimaliza?"

Akainamisha kichwa. Siku ya pili homa ilishuka, mtoto akaanza kucheza. Shambani nako mbwa alikuwa amechanwa paja na nguruwe. "Nikaona vidonge visiharibike, daktari, nikampa mbwa."

Mtoto tulimlaza, na alhamdulillah alipona. Kidonda cha mbwa kilioza, na mguu ule haukukanyaga tena. Dozi ya mgonjwa mmoja iligawanywa kwa wagonjwa wawili, haikumtosha yeyote.

KWA NINI NI HATARI

Dawa za antibaiotiki, yaani viuavijasumu, huua bakteria. Haziui virusi. Alexander Fleming aliigundua penisilini mwaka 1928, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kuwa dozi ndogo huwazoesha vijidudu dawa hata isiwaue tena. Inakuwa hivi: dozi pungufu huua bakteria dhaifu, wenye nguvu wakabaki, na hao ndio wanaozaana. Huo ndio usugu wa dawa.

Bakteria sugu hawabaki kwa mbwa peke yake. Husafiri kwa mate, usaha, kinyesi na mikono yetu mpaka uani wanakocheza watoto. Na dawa nyingi anazotibiwa mbwa ni ndugu wa zile anazotibiwa mtoto wako. Ukiziharibu kwa mbwa, siku mtoto atakapozihitaji huenda zisifanye kazi. Ndiyo maana mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, ulioanza mwaka 2017, uliwaweka binadamu na mifugo katika mpango mmoja.

MAKOSA TUNAYOYAFANYA

La kwanza ni kukisia kipimo. Dozi ya mbwa hupimwa kwa uzito wake. Mbwa wa kilo 10 na wa kilo 25 hawanywi sawa, na kipimo cha mtu hakimhusu hata mmoja wao.

La pili ni kufungua kapsuli ya tetrasaiklini na kumwaga unga kwenye kidonda. Unga huo hushikamana na uchafu juu, usaha ukabaki chini. Kidonda kinahitaji kwanza maji safi yenye chumvi kidogo, tena mengi. Mara nyingi kidonda kidogo kikisafishwa vizuri kila siku hupona bila antibaiotiki yoyote.

La tatu ni kumpa dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Usimpe kabisa.

La nne ni kutibu kila ugonjwa kwa antibaiotiki. Mtoto wa mbwa anayeharisha damu huenda ana ugonjwa wa virusi, na anachohitaji haraka ni maji mwilini na mtaalamu. Kwa upande mwingine, mbwa mwenye kupe wengi, homa, ufizi mweupe na damu puani huenda ana maradhi yanayoletwa na kupe, ambayo hutibiwa kwa antibaiotiki maalumu kwa wiki tatu hadi nne. Huwezi kuyatofautisha haya kwa macho ukiwa dukani.

NJIA ILIYO SALAMA

1. Mwite bwana mifugo wa kata au daktari wa mifugo amwone mbwa kabla hujanunua dawa.
2. Mweleze umri wa mbwa, kama ana mimba, na dawa ulizokwisha kumpa. Tetrasaiklini, kwa mfano, huharibu meno ya watoto wa mbwa.
3. Nunua duka linalotambulika. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi.
4. Mpe kwa saa zilezile na umalize siku ulizoambiwa, hata akianza kukimbia. Akitapika, akivimba uso au asipopata nafuu kwa siku mbili au tatu, rudi kwa mtaalamu. Usiongeze dozi mwenyewe.
5. Dawa ya mbwa iwe na mahali pake, mbali na dawa za familia na mikono ya watoto. Ikibaki, mrudishie mtaalamu. Usiitupe mtoni.

HADHARI YA KICHAA CHA MBWA

Hapa nisikilize vizuri. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa na mate, anayeshindwa kumeza au kubweka, usimfungue mdomo kumpa kidonge ukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Hicho ni kirusi, na hakuna antibaiotiki inayokiua. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno kupona. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kuwa kinaua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka.

Mtu aking'atwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Vidonge vya antibaiotiki peke yake visikupe matumaini. Na mbwa wako mwenyewe, mchanje kila mwaka.

Kuna ndugu zetu ambao, kwa kutaka tahara, hupaka udongo kwenye jeraha la kung'atwa. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, kumekuja kuhusu chombo alichoramba mbwa, na wanazuoni wa Kishafii wamekiendeleza hukumu hiyo kwenye nguo na ngozi. Namna ya kutaharisha jeraha muulize sheikh wako. Kwa upande wa afya nakuambia: udongo usiingie kwenye kidonda kibichi, kwani una vijidudu vya pepopunda. Unapomtibu mbwa, vaa glovu au mfuko wa nailoni safi mikononi. Utakuwa umelinda tahara na afya kwa pamoja.

Ndugu msomaji, nenda sasa kaangalie kabatini. Kama kuna dawa za mtoto zilizokatishwa, usimtafutie mbwa wa kuzimaliza. Uliza kituo cha afya kwa nini zimebaki.

Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.