Ngamia wa Garissa na Kitabu cha Umeme

Twaulizwa: vile vifaa vya kielektroniki vya kusomea, je, vyaweza kushika mahali pa vitabu vya karatasi hata visihitajiwe tena? Na tuitazame Garissa.

Mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa huko vitabu kwa ngamia, kiasi cha vitabu 400 kwa ngamia mmoja. Kifaa kimoja cha mkononi hubeba zaidi ya hivyo, na chaweza kukaa wiki kadhaa bila kutiwa umeme. Kwa uchukuzi ngamia ameshindwa, haifai kubisha. Lakini vitabu 400 vyaweza kusomwa na watoto 400 kwa saa moja, na kifaa kimoja husomwa na mmoja, wenziwe wakingoja.

Lililo zito zaidi ni milki. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zao walirudishiwa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini vitabu vilikwisha kwenda. Kitabu cha karatasi hurithiwa, huazimwa, huwekwa wakfu msikitini. Cha kifaa, mara nyingi mnunuzi hupewa ruhusa ya kukisoma tu, na sharti ya wakfu ni kukimiliki kitu. Vile vya kale, visivyo na mwenye haki, havimo katika kizuizi hiki, na kwa hivyo twaona kifaa chafaa sana.